Nyoka wa Mbula na Kwaya ya Harusi

Nilishuka kwenye treni Emali bila kumjua mtu, nikakuta mvua imekata barabara ya Loitokitok nilikokuwa nikienda. Malori yalikuwa yamepangana kando ya reli, madereva wakicheza drafti. Mmoja akanielekeza kwa Mbula, mjane muuza ndengu, aliyekuwa na chumba cha kupangisha nyuma ya ghala lake.

"Chumba ni safi," Mbula akaniambia. "Ghalani kuna nyoka, hana sumu. Anaitwa Karani, kwa sababu anakaa ndani siku nzima na hataki kusumbuliwa. Lakini wiki hii usimkaribie."

Nimelala katika nyumba za watu wa kila aina, ila sikuwahi kupewa onyo kama hilo pamoja na ufunguo.

Huo ulikuwa mwaka 1974. Miaka kadhaa kabla ya hapo Mbula alikuwa amempata Karani chini ya magunia, akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, wakati panya walipokuwa wakimmalizia ndengu. Majirani walitaka kumponda. Yeye akamwekea sanduku la mbao, akamzoeza mkono wake hadi akawa anajizungusha hapo kama bangili. Sasa Karani alitetemesha mkia na kurusha kichwa. Alikuwa amekwisha kumuuma kidole.

Na Jumamosi Mbula alikuwa anaolewa. Kisilu, mkulima wa Kitui aliyefiwa na mkewe, alikubali bibi arusi aje na nyoka wake, mradi asiwe mkali. Nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu.

"Nikimwacha hapa majirani watamuua siku hiyo hiyo," Mbula akasema.

Alijua kwamba nyoka hununa akikaribia kujivua gamba. Macho huwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, asione vizuri. Lakini Karani alikuwa amekwisha kujivua. Gamba lilikuwa limetundikwa msumarini, macho yalikuwa maangavu, na hasira iko palepale.

Kila jioni akina mama wa kanisa walikuja kufanya mazoezi ya nyimbo za harusi ghalani, kwa kuwa kanisa lilikuwa likipakwa chokaa. Waliimba Kikamba, koo na miguu pamoja, nami nikaimba nao pale mlangoni.

"Huyo ana wivu," akasema Kalunde, kiongozi wa kwaya. "Ameona unaolewa."

"Wivu wa nini? Miaka yote hii hajanichumbia."

Walicheka, kisha wakamwombea. Na ili ombi liwe na nguvu wakaliimba, wakikanyaga mpaka ndengu zikamwagika kutoka gunia lililokuwa wazi. Karani akaigonga mbao ya sanduku kwa kichwa.

Mbula alizitazama ndengu zikirukaruka sakafuni. Akainua mkono, wote wakanyamaza. Alichuchumaa, akaweka kiganja chini kando ya sanduku.

"Kalunde, kanyaga mara moja."

Kalunde akakanyaga. Karani akashtuka.

"Sasa imba tu, miguu itulie."

Kalunde akaimba kwa sauti yake yote. Karani hakujali.

"Ni sisi," Mbula akasema. "Anasikia kwa tumbo. Sisi tunashangilia, yeye anadhani ng'ombe wanamjia."

Alimhamishia Karani kwenye kiondo, kikapu chake cha kusukwa, akakitundika kwenye boriti. Kwaya ikahamia nje, kwenye matope. Kufikia Ijumaa nyoka alikuwa amerudi mkononi mwake.

Kisilu alifika Jumamosi asubuhi na pikapu, amevaa shati jipya. Alitia mkono ndani ya kiondo, na Karani akaanza kupanda.

"Anaingia kwenye mkono wa shati," akasema, sauti imepanda kidogo.

"Mwache."

"Mbona anaelekea kwapani?"

"Kuna joto huko. Amekupenda."

Kisilu akasimama wima kama mtu anayepimwa suti, kisha akaanza kucheka kwa mtekenyo. "Basi twende naye. Wajukuu watamgombania."

Baada ya ibada na pilau, Mbula alipanda mbele, kiondo mapajani. Kalunde akainua mguu kuanzisha wimbo. Mbula akatoa kichwa dirishani.

"Ngojeni tuvuke reli, mama zangu."

Tukangoja, tumebana vicheko, pikapu ikiyumba kwenye matope mpaka ng'ambo ya reli. Barabara yangu ilikuwa bado imefungwa. Nikakunja suruali, nikaingia kwenye mstari wa kwaya, na Kalunde akashusha mguu.