Sweta Tatu za Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba Nyeri haubembelezi mtu. Baridi yake ilinikuta Gatitu na mtoto wangu wa kwanza, na mimi, niliyelazwa utotoni kwa homa ya mapafu, nikaapa kwamba huyu haitamgusa. Nikamvika fulana, sweta tatu, suruali mbili, soksi juu ya soksi na kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Nikimlaza chali hakuweza kujigeuza. Nilimwona mzuri ajabu.

Akafikisha mwaka na miezi minne bila kutembea. Wenzake kwenye ploti tulipopanga walifukuza kuku. Wangu alikaa palepale nilipomweka. Kliniki walimpima wakasema miguu ni mizima, nimwache tu acheze chini. Chini wapi, kwenye saruji ile? Niliondoka nimenuna. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kila nilipomkanda miguu nilimwomba Mungu isiwe kuna kasoro, na kama ipo, isiwe mimi niliyeileta.

Jumamosi moja nikampeleka Gakindu kwa mama mkwe. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo hao wawili ni wajina, na mzee akimtaja mtoto husema "mimi". Tulimkuta ameketi uani, mkongojo kando, magoti yamechakazwa na miaka ya kupanda na kushuka mteremko wa kahawa. Alikuwa ametandaza gunia, akitenga kahawa mbivu na mbichi kabla haijapelekwa kiwandani.

"Mimi bado sijasimama?" akauliza.

"Bado, mama."

Nikasubiri lawama. Badala yake akamketisha mtoto kando ya gunia, akaanza kumvua sweta. Ya kwanza. Ya pili.

"Mama, kuna baridi!"

"Baridi gani na jua iko? Umefunga huyu kama kabichi. Ati atakunja magoti aje?"

Nilizipokea kwa heshima, ingawa nilikuwa nimekasirika. Ya tatu nayo ikatoka, na soksi zote. Mtoto akabaki na fulana na suruali moja, nyayo kwenye udongo. Alichezesha vidole vya miguu, akavikodolea macho. Kisha akaokota tunda jekundu la kahawa kwa vidole viwili, akalitia kwenye mkebe uliokuwa kando ya nyanya yake. Akaokota lingine. Akipeleka moja mdomoni, mzee analitoa.

Baadaye mzee akaupandisha mkebe juu ya kigoda kitupu kilichokuwa karibu. Mtoto akaushika ukingo wa kigoda, akajivuta, akasimama. Mzee akauhamishia mkebe mapajani mwake, mbali kidogo, akaendelea kuchagua kahawa kana kwamba hana habari.

Mtoto akakiachia kigoda. Hatua moja, akaketi kwa kishindo. Niliruka, lakini mkongojo ulishanyooshwa mbele yangu.

"Wacha. Ataamka."

Akainuka. Mbili, tatu, nne, akaanguka mapajani mwa nyanya yake, mkebe ukapinduka, kahawa ikatawanyika uani.

Nilisimama na sweta zangu tatu mkononi, nikilia bila aibu. Nilimpenda sana mzee yule siku hiyo. Yeye hakunitazama. Alikuwa amezishika nyayo zile zenye udongo, moja katika kila kiganja, akizisugua taratibu.

"Umeona?" akasema. "Nimetembea."