Shangazi wa Mtoto wa Jitu

Nikisikia seloteipu ikivutwa, ule mkwaruzo mrefu unaoishia kwa mkato mmoja, hata leo huacha ninachofanya. Wenzangu ofisini hufunga vifurushi vyao bila habari, nami hujikuta nimesimama, natafuta mtoto mchanga. Mlio huo ndio Guangzhou yangu, kule China. Jengo tulilopanga, kwenye uchochoro wa nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, lilifunga mizigo tangu asubuhi: mashati, viatu, chaja za simu, kila chumba na maboksi yake hadi mlangoni. Ngazi zilinuka plastiki mpya na vitunguu saumu.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alibaki Moshi na mdogo wangu, akiangalia duka. Mama alinunua nguo za jumla kwenye soko la Shahe na kuzituma nyumbani, nami nililetwa kwake kwa likizo moja ambayo ilirefuka bila mtu kunieleza kwa nini. Mlango wa pili aliishi Jitu, Mhindi mzaliwa wa Moshi kama sisi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kwa jina hilo ungetegemea pande la mtu. Alikuwa mwembamba hata mkanda wa suruali aliuzungusha karibu mara mbili.

Jina lake kamili lilikuwa Jitendra Mansukhlal Darji, na alipenda kulieleza kwa yeyote aliyekuwa tayari kukaa. La kwanza langu, la pili la baba, la tatu la ukoo, na Darji maana yake fundi cherehani. Mama alimcheka sana kwa hilo, kwa sababu kifungo kikimkatika Jitu shati lililetwa kwetu. Mkewe, Varsha, aliyetoka India kwenyewe, alipoolewa jina la baba yake lilitolewa katikati likawekwa la mumewe.

"Yaani hata baba mzazi mmemwondoa?" Mama aliguna.

"Ndiyo desturi, dada," Jitu alisema, akitabasamu kama aliyeitunga yeye.

Varsha alipojifungua mtoto wa kiume, nilihamia kwao. Kwetu nililala tu. Mtoto alikuwa na nywele nyingi mpaka masikioni na mazoea ya kushika kidole changu kama anadai kitu. Nilipouliza anaitwa nani, Jitu alisema bado. Kwao, jina hutolewa na *foi*, yaani shangazi, dada wa baba. Watoto hushika nguo kwenye pembe zake, mtoto mchanga hulazwa katikati na kubembezwa, kisha shangazi humnong'oneza jina sikioni. Shangazi huyo ni mmoja tu, anaitwa Hansa, yuko Moshi anangoja viza.

Siku ya sita, ambayo ndiyo ya kutoa jina, ilipita. Hansa hakuja. Jitu alirudi kila jioni na habari ileile: viza bado. Na kila jioni Mama, ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo ya watu, alisimama mlangoni pao na kuuliza, "Ameshapata jina?" Akiambiwa bado, alirudi ndani amenuna. Niliona aibu kwa niaba yake. Nilidhani sasa Varsha atachoka na sisi, nami nitakatazwa kumbeba mtoto.

Jioni moja, akikunja suruali za kupeleka nyumbani, Mama alisema kwa ukali, wala si kwangu, "Mtoto asiye na jina huondoka hivihivi."

Nililala na neno hilo. Nilielewa, kwa akili za umri ule, kwamba jina ndilo linalomshikilia mtoto duniani, na huyu wetu hakushikiliwa na chochote. Tangu hapo sikuwa na raha. Nilikwenda kumtazama kifua kama kinapanda na kushuka, nikarudi, nikaenda tena. Nilimpa jina langu mwenyewe la siri, kisha nikaogopa zaidi, maana mimi sikuwa shangazi yake na labda nilikuwa nimeharibu.

Halafu asubuhi moja Mama alikuwa amepiga magoti juu ya boksi, anavuta seloteipu, Varsha akaingia bila kubisha. Alimwinua mtoto dirishani atuonyeshe. Macho yake yalikuwa manjano, na ngozi pia. Hakuwa analia, na tangu usiku hakunyonya. Seloteipu ilibaki inaning'inia. Mwenye nyumba wetu, ambaye sote tulimwita Ayi kama Wachina wanavyowaita wanawake wa rika lake, alishuka mbio kutafuta teksi. Jitu, aliyemfuata mkewe, alizunguka chumba akitafuta viatu alivyokuwa amevivaa.

"Ana jina?" Mama aliuliza.

"Dada, saa hizi? Hansa hajaja. Hatanisamehe."

"Nipe simu."

Aliongea amesimama wima, kama yuko mbele ya hakimu. "Dada Hansa, mimi Mama Tumsifu, jirani wa kaka yako. Mtoto anaumwa, tunakwenda hospitali sasa hivi. Nakuomba jina lake. Mtoto amengoja vya kutosha." Kisha akasikiliza. Kutoka kwenye simu nilisikia mtu akilia, mbali kabisa. Niliomba Mungu Hansa asikatae. Kwa nini asikatae? Mama hakuwa ndugu yake, hata dini yao haikuwa moja. Nilimwangalia mtoto, nikaona kama anazidi kuwa manjano.

"Ndiyo," Mama alisema. "Nimelisikia. Nakushikia nafasi, dada yangu."

Alivuta kitenge chake kitandani, akamlaza mtoto katikati. Jitu alishika pembe moja, Varsha nyingine, mimi ya tatu. Ayi aliyerudi kutuambia teksi iko chini alipewa ya nne. Alidhani tunakung'uta shuka. Alipoona kuna mtoto ndani alipiga kelele, "Kuai, kuai!" yaani haraka, haraka, lakini alishika kweli. Tulimbembeza. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa, nikawa na hakika kwamba pembe itaniponyoka kabla jina halijafika. Mama aliinama, akamnong'oneza. Kisha akasema kwa sauti, "Jatin. Jatin Jitendra Darji. Shangazi yako Hansa ndiye aliyekuita hivyo."

Varsha alilirudia jina hilo mara moja, ndipo akaanza kulia. Tukashuka ngazi.

Hospitalini walimweka chini ya taa ya buluu, na baada ya siku kadhaa akarudi na rangi yake na njaa yake. Sifa zote nilizipeleka kwa jina. Madaktari na taa yao niliwaweka nafasi ya pili.

Nilikuwa mtu mzima, mjamzito wa mtoto wangu wa kwanza, nilipomuuliza Mama ilikuwaje akathubutu kudai jina la watu wasio ukoo wake. Tulikuwa jikoni Moshi. Aliendelea kumenya ndizi.

"Kabla yako nilizaa mtoto wa kiume," alisema. "Shangazi yenu alikuwa Tanga. Tukaambiwa tumngoje yeye ndiye aje ampe jina. Homa ikaja kwanza. Tulimzika kwa jina la baba yenu tu: Mtoto wa Elinami."

Sikuwahi kusikia habari zake. Nilimuuliza yeye mwenyewe angemwita nani.

Alichukua ndizi nyingine. "Sikuwa nalo," alisema. "Nilikuwa nangoja niambiwe."

Siku zote niliamini hofu ile ya Guangzhou ilikuwa yangu. Kumbe niliiokota kwake, naye aliibeba tangu kabla sijazaliwa. Zamani nikiulizwa kwa mama yetu tumezaliwa wangapi, nilijibu wawili. Sasa nasema watatu. Mtu akitaka majina, nataja langu, nataja la mdogo wangu, kisha nanyamaza.