Magadi ya Ziwani Yalivyowaita Ng'ombe Kwenye Bwawa la Mjukuu Wangu

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu kwa heshima. Walio wadogo kwangu, marahaba, hata kabla hamjaandika shikamoo zenu.

Mimi ni bibi wa Gendabi, wilaya ya Hanang. Darasani sikuingia hata siku moja. Ninasema, na mjukuu wangu Elisia anaandika. Nimemwamuru aandike kama ninavyosema, asipambe, na asiweke vile vikatuni vya kucheka. Haya niliyaona kwa macho yangu, na aliyekuwa ndani ya maji yupo hai.

Ninaleta habari ya bwawa la kuogelea.

Najua wapo watakaosema, Gendabi na bwawa la kuogelea wapi na wapi. Chekeni kwanza, kisha mrudi tuendelee.

Mdogo wake Elisia anaitwa Neema. Ana miaka tisa. Alipokuwa mdogo aliugua homa kali, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake. Anatembea kwa kushika ukuta, na akichoka anakaa chini palepale alipo.

Mtaalamu wa viungo wa hospitali alimwambia mama yao, yaani binti yangu Theresia, kwamba mtoto huyu atembee ndani ya maji kila siku. Maji humbeba mtu, miguu ikafanya kazi bila kulemewa. Alisema pia kwamba asipofanyishwa mazoezi katika umri huu, magoti yatakakamaa, na yakikakamaa hakuna wa kuyakunjua.

Theresia ni muuguzi Katesh. Akanunua bwawa lile lisilochimbiwa: nguzo za chuma kwa duara, ukuta wa plastiki nene, ngazi ya kupandia, na pampu ndogo yenye chujio. Likasimamishwa nyuma ya nyumba yangu. Maji yanamfika Neema kifuani. Tulifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo ya ng'ambo, mtoto akawa anaishika na kutembea.

Theresia akarudi kazini. Bwawa akaniachia mimi.

Wakuu, msidhani bwawa ni kujaza maji ukaondoka. Bwawa linataka kuangaliwa kama ng'ombe wa maziwa.

Asubuhi naondoa majani na wadudu kwa wavu. Upepo wa kiangazi huku kwetu unaleta vumbi, kwa hiyo chujio nalifua mara kwa mara. Jioni nafunika kwa turubai. Dawa ya klorini ni ya vidonge, inakaa kwenye kikopo kinachoelea, na mtoto haingii mpaka nimekitoa.

Kisha kuna vikaratasi vya kupimia. Unachovya majini, kinabadilika rangi, unalinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo. Kusoma sijui, lakini rangi hakuna wa kunifundisha.

Kikaratasi kikaanza kuonyesha maji yamekuwa machachu. Neema akawa anatoka macho mekundu, anajikuna. Nikampigia Theresia. Akasema vile vidonge ndivyo vinavyoleta uchachu, na kwamba Arusha wanauza unga mweupe wa kuutuliza. Nikamwuliza unga huo ni kitu gani hasa. Akasema ni jamii ya magadi, ila umesafishwa.

Magadi!

Kutoka kwangu hadi ziwa Balangida watu wanakwenda na punda na kurudi. Magadi ninayo ndani, gunia zima, ya kulainishia maharage na ya kuwapa mifugo. Nikamwambia asihangaike na Arusha. Akasema, "Mama, ya ziwani yana chumvi na uchafu mwingine." Nikamjibu kwamba uchafu utachujwa na chujio lake, na chumvi haijawahi kumdhuru mtu anayekoga.

Nikaponda, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina. Kikaratasi kikabadilika rangi. Macho ya Neema yakapona. Nikajisifu, sitaki kuwadanganya.

Nikaendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Neema alipokuwa akitembea, maji yaliruka nje na kukaukia kwenye ukuta wa bwawa. Ukuta ukawa na utando mweupe, kama jasho lililokauka mgongoni mwa punda. Niliuona. Nikasema nitaufuta siku nikipata nafasi.

Sasa sikilizeni.

Jirani yangu ni mzee Gidahota, mfugaji, tumezeeka pamoja. Kati ya boma lake na shamba langu upo ua wa minyaa, na ua huo ulikuwa na pengo tulilolikata ili kupitisha bomba la maji. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Malisho yamekuwa vumbi.

Mchana huo, jua kali, Neema alikuwa majini ameshika kamba upande wa ng'ambo, mbali na ngazi. Mimi nimekaa kwenye kigoda, fimbo magotini. Sheria yangu ilikuwa moja: mtoto akiwa ndani ya maji, mimi siondoki hata nikiitwa na nani.

Sikuondoka. Ng'ombe ndio waliokuja.

Walipita pengoni mmoja baada ya mwingine, kama kumi hivi, kimya, kama watu wanaoingia kanisani wakiwa wamechelewa. Hawakutazama mahindi yaliyokuwa yakikauka barazani. Hawakunitazama mimi. Walikwenda moja kwa moja kwenye bwawa wakaanza kuulamba ukuta.

Nikasimama, nikainua fimbo, nikampiga wa karibu.

Hilo ndilo lililotaka kutuangamiza. Yule ng'ombe aliruka mbele, akagonga nguzo. Bwawa zima likatikisika, maji yakafurika juu ya ukingo, na Neema akaponyokwa na kamba. Akazama. Nikaona kisogo chake chini ya maji.

Akaibuka, akakohoa, akaikamata kamba tena.

Nikaishusha fimbo polepole nikaiweka chini. Nilielewa kwamba ng'ombe hawa wakishtuka wote kwa pamoja, ukuta utapasuka, na maji yote yale yatamsomba mtoto asiye na miguu na kumtupa chini ya kwato zao. Na ngazi ilikuwa katikati yao.

"Neema," nikasema, kwa sauti ya kuomba chumvi, "usilie. Shika kamba kwa mikono miwili."

"Bibi, wananiangalia."

"Waache waangalie. Wewe niangalie mimi."

Kulikuwa na maksai mmoja mkubwa, mwenye pembe ndefu zilizofungukia mbele. Alikuwa amesimama karibu kabisa na ngazi, analamba kwa bidii. Kila alipoinamisha kichwa, ncha ya pembe ilibonyeza plastiki ikaingia ndani kama kidole kinachobonyeza unga uliokandwa. Kila alipokiinua, plastiki ilirudi. Nikawa nasubiri ile mara ambayo haitarudi.

Ndipo mzee Gidahota akatokea pengoni, amefuata nyayo za mifugo yake, anahema. Aliona yote kwa mara moja. Hakusogea.

"Mama Theresia, usimpige."

"Nimeshaacha. Mwite."

"Nikimwita atageuka. Akigeuka, pembe itageuka naye."

"Basi tufanye nini?"

"Kinachowashika hapo ni kitu gani?"

"Ni magadi."

Akanitazama. Hata katika hali ile nilijua ananiona mpumbavu. Akasema, "Unayo mengine?"

Nilikwenda jikoni kwa mwendo wa kawaida. Wakuu, katika maisha yangu nimekimbia mara nyingi, lakini kutembea polepole siku ile kulinichosha kuliko mbio zote. Nikatoka na magadi kwenye khanga. Nikamwaga kidogo chini, mbali na ngazi, kisha kidogo tena mbali zaidi. Mzee Gidahota alikuwa akiwasemesha kwa lugha yake, chini chini, kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa.

Mmoja akanusa, akaondoka ukutani. Wa pili akamfuata. Wakawa wanajiondoa. Ngazi ikabaki wazi, isipokuwa yule maksai. Yeye hakuyataka ya chini. Alikuwa ameshapata pake.

Mzee akasogea hadi begani kwa maksai, akaweka kiganja shingoni mwake. "Namshikilia," akasema. "Sijui kwa muda gani. Mtoe mtoto."

Nikapanda ngazi. Kutoka juu nikamwambia Neema aje kwangu kwa kamba.

Akatikisa kichwa. Kuja kwangu kulikuwa ni kuja kwenye pembe.

Nikamwambia, "Neema, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba."

Akaja. Hatua moja, anasimama. Hatua nyingine, anasimama. Alipofika karibu, maksai alipumua kwa nguvu, pumzi ikapiga maji mbele ya uso wake, naye akafumba macho akaendelea kuja akiwa ameyafumba. Nikamkamata chini ya makwapa, nikamvuta juu kama ndoo ya kisimani. Nilishuka naye kinyumenyume, nguo zake zinatiririka, na mzee akanishika mkono kwa mkono wake uliokuwa huru.

Tulikuwa tumefika mlangoni mwa jiko tuliposikia plastiki ikichanika.

Nisiwachoshe kueleza sauti ile. Maji yalitoka yote. Yalibeba kigoda changu, yalibeba kuku, yalipita baraza na mahindi yangu yakaenda nayo. Ng'ombe walitawanyika mpaka upande wa pili wa kijiji. Mzee Gidahota aliangushwa, akasimama akiwa matope mwili mzima.

Akajipangusa uso, akasema, "Miaka yote nawapeleka Balangida kwa miguu. Kumbe ziwa umelihamishia nyumbani kwako."

Sikucheka siku ile. Nilikuja kucheka baadaye, nikiwa peke yangu.

Watu wa kijiji walitaka kikao, wengine wakaanza yale maneno ya ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nikawakatalia. Ng'ombe alifuata chumvi, na aliyeipaka chumvi ile ukutani ni mimi. Mzee alileta miiba akaliziba pengo mwenyewe, nami nilishika upande wa pili wa mzigo. Theresia akaleta kiraka na gundi, na ule unga wa Arusha. Bwawa likasimama tena, maji yakajaa, kikaratasi kikaonyesha rangi njema.

Neema akakataa kuingia.

Nilimwamuru. Katika nyumba hii nikiamuru, jambo linafanyika. Safari hii halikufanyika. Alikuwa anafika chini ya ngazi, anaanza kutetemeka, anakaa chini. Majuma yakapita. Mama yake alipokuja likizo alimkunja magoti, akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Magoti yalikuwa yameanza kukaza.

Siku iliyofuata nilimgombeza Neema kwa ukali. Nilimwambia maji hayana kosa, ng'ombe hawapo, ua umezibwa, anaogopa nini?

Akanijibu kwa adabu, macho chini. "Bibi, na wewe ingia basi."

Wakuu, mimi maji yaliyozidi magoti sijayaingia tangu nizaliwe. Sisi tuliokulia nyanda hizi tunajua maji ya kuchota. Lakini nilimtazama yule mtoto, nikajifunga khanga ya pili juu ya gauni, nikapanda ngazi.

Yalikuwa ya baridi. Yalinifika kiunoni, gauni likaelea likanizunguka, na miguu yangu ikasahau ardhi iko wapi. Nikaishika ile kamba kwa mikono miwili. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nilikuwa naogopa mbele ya mjukuu wangu, mchana kweupe.

Nikasikia sauti kutoka juu ya ngazi.

"Usitazame chini, bibi. Telezesha mguu, usiunyanyue."

Nikatelezesha.

"Na mwingine."

Nilipofika katikati, kamba ilitikisika. Nikageuka. Alikuwa ameingia, yuko nyuma yangu, anakuja.

Tuliyojifunza ni haya. Mwenye bwawa la juu ya ardhi palipo na mifugo, azungushie ua kabla hajajaza maji, si baada. Magadi ya ziwani muyaache jikoni, mnunue unga uliokusudiwa. Ukuta ufutwe kila siku kwa maji safi. Na ng'ombe wakishafika, msipige na msipige kelele.

Kama yupo aliyefuga bwawa nchi za baridi kama Mbulu au Daudi, aniambie mnapashaje maji moto mwezi wa saba bila umeme mwingi. Andikeni, Elisia atanisomea yote, hata ya kunikejeli. Wenye kutukana sitawajibu.

Asiulize mtu kama bado naogopa. Naogopa. Kesho alasiri tunaingia, yeye mbele.