Fomu Niliyomchafulia Mjomba

Nilipokuwa darasa la tatu mjomba aliniandikia kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, nikayanywa yale maji. Herufi zilikuwa hazitulii machoni mwangu, zinapishana na kurukana, na nyumbani kwetu Mtama kila mtu aliamini nimechezewa. Nilikunywa sahani saba. Ya saba niliitapika, na herufi za ubaoni zikabaki vilevile.

Nilichoweza ni kusikia. Wenzangu walinisomea madaftari kwa sauti, na neno likishaingia sikioni mwangu halitoki. Hivyo ndivyo nilivyofika kidato cha sita, kila mtihani ukiishia njiani kwa kukosa muda, nikijua kabisa majibu niliyoyaacha.

Fomu ya chuo kikuu niliipata moja tu, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombea korosho zetu. Kujaza fomu ilikuwa kazi ya mjomba. Barua za posa na kadi za harusi za mtaa mzima zilipita mkononi mwake, na kujiandikia mwenyewe ilikuwa ni kumvunjia heshima. Akakaa mkekani, akajaza. Alipofika panapoulizwa kama mwombaji ana tatizo lolote linalohitaji msaada, akaandika "Hakuna", kwa mwandiko mzuri kweli.

"Mjomba, hiyo si kweli."

"Unataka wakuone punguani, mwanangu?"

"Nataka waniongezee muda kwenye mitihani."

"Watakuongezea aibu."

Hasira zilinipanda. Aibu ya nani? Nikaichomoa kalamu mkononi mwake, nikalikata neno lake mistari miwili, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kuku kwamba ninasoma polepole sana, nikisomewa ninaelewa, naomba muda zaidi. Nilitoka jasho. Makosa yalikuwemo na sikuyajali.

"Umenichafulia!" Mjomba alisimama. Akasema fomu iliyokatwakatwa hutupwa bila kusomwa, na kwamba nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Wiki nzima shikamoo zangu aliziitikia huku anatazama ukuta. Nami nilizidi kumwamkia, kwa sauti kubwa zaidi.

Niliogopa, sikatai. Fomu nyingine haikuwepo. Hata hivyo nikaipeleka Lindi kwa mkuu wa shule. Alishika muhuri, akasita.

"Nani kaandika uchafu huu?"

"Mimi, mwalimu. Ndimi ninayeomba."

Akagonga, shingo upande.

Miezi ikapita. Barua ilipofika, nyumba ilijaa ndugu. Mjomba akanyoosha mkono aisome, kama alivyozisoma barua zote za ukoo wetu. Nikaificha mgongoni.

"Imeandikwa kwangu, mjomba."

Nikakaa kizingitini, nikaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Mama alikuwa ameshapakua wali. Hakuna aliyeugusa. Shangazi alikohoa, akatulizwa. Niliufuata kila mstari kwa mwendo wangu, nikirudi nyuma kila mara herufi ziliponitoroka.

Kwenye mstari wa tatu nilijua nimechaguliwa. Sikusema. Nikaendelea mpaka pale walipoandika kwamba nikifika nimwone mshauri wa wanafunzi kuhusu muda nilioomba. Hapo nilisoma mara mbili.

"Wanasemaje?" mjomba aliuliza.

"Subiri, mjomba. Sijamaliza."