Ufunguo wa Swichi Kubwa

Saluni ya Mama Kitana iliteketea akiwa safarini, alikokwenda kumhudumia bintiye aliyejifungua. Aliporudi alikuta kuta nyeusi, viti vimebaki vyuma, na jina jipya likimsubiri: Mama Moto. Kinyozi wa mlango wa pili, aliyeitwa Wembe, alikuwa amewatangazia watu kwamba msusi yule aliacha draya ya nywele ikiwaka.

Mama Kitana hakubisha. Draya aliikuta msumarini, waya wake umezungushwa vilevile alivyouacha. Kilichoyeyuka ni ekstensheni, ile aliyomruhusu Wembe achajie simu kupitia tundu la ukuta uliowatenganisha. Ndani yake zilikuwa zimegandamana plagi mbili nene ambazo hakuzijua, waya zake zimekatwa kwa kitu chenye makali. Friji ya soda ya Wembe ilikuwa imeokolewa nzima, ila plagi yake ilikuwa mpya kabisa.

Angeweza kwenda kushtaki. Alitaka kitamu zaidi: Wembe aseme kwa mdomo wake, mbele ya waliomcheka.

Mwenye nyumba, kwa hofu, aliamuru umeme wa jengo zima uzimwe kila jioni. Nani ashike ufunguo wa kisanduku cha swichi kubwa? Wapangaji wakatazama viatu vyao.

"Nipe mimi, baba," Mama Kitana akasema.

"Aliyechoma ndiye apewe ufunguo?" Wembe akacheka.

"Ndiyo, mdogo wangu. Moto nimeshausomea."

Tangu hapo, kabla ya kuzima, alipita chumba kwa chumba akigusa plagi kwa mgongo wa kiganja. Yenye joto aliichomoa. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine aliikunja na kuondoka nayo. Wenye friji walimwita fundi, akawawekea soketi za ukutani zenye laini ya peke yake isiyopitia swichi kubwa, na hizo hazikuzimwa. Wembe hakumwita. Kuweka soketi ya friji kungekuwa kukiri kwamba siku zote ilikula umeme wa jirani. Soda zake zikawa vuguvugu, wateja wakaanza kuulizia kinyozi mwingine.

"Dada yangu, niachie umeme hata leo tu."

"Friji ina soketi?"

"Nitatumia ekstensheni."

"Ya nani?"

Benchi la wateja likaangua kicheko. Wembe akaweka mashine yake chini.

"Basi. Ilikuwa friji yangu."

"Na plagi ya pili?"

"Birika la maji ya moto."

"Mzee wa mwisho pale hasikii vizuri."

Akarudia kwa sauti, shingo imemlegea.

Fundi alipokuja kwa Wembe, Mama Kitana aliketi kwenye kiti cha kunyolea akasimamia hadi skrubu ya mwisho. Akagusa plagi: baridi.

Mimi niliyekuwa kwenye benchi lile nilimuuliza kama amemsamehe.

"Nimsamehe ya nini? Kila jioni naingia mle, namwambia apishe, naigusa plagi yake wateja wakitazama. Naye hupisha."