Kusawazisha Mlinganyo kwa Vikombe vya Chai

Siku yangu ya kwanza kufundisha kemia Kakamega nusura iwe ya mwisho. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa nimerudi kutoka India na diploma niliyoitolea jasho mwenyewe, bila mjomba mkubwa wa kunishika mkono.

Mwalimu Mkuu, Mwingereza, aliishika diploma yangu kwa ncha za vidole.

"India?" akasema. "Mkaguzi wa shule yuko hapa leo. Asiporidhika, utarudi kwenu Malinya kijijini ukachimbe dhahabu."

Nilishtuka, lakini niliingia darasani kifua mbele. Mkaguzi akaketi nyuma. Nikaandika ubaoni: H₂ + O₂ → H₂O. Huo ni mlinganyo: kushoto vinavyoungana, kulia kinachotokea. Haidrojeni na oksijeni hutoa maji. Kusawazisha ni kuhakikisha kila atomi iliyoingia kushoto imetokea kulia.

Nikatafuta mfano wa nyumbani, nikasoma jina moja kwenye daftari la mahudhurio. "Ambani, kwenu mko watoto wangapi?"

Kijana mmoja akageuza uso dirishani.

"Basi baba ana ng'ombe wangapi?"

Darasa zima likaguna. Ambani, kijana mwenye ndevu kunizidi, akasimama. "Mwalimu, unataka nani afe?"

"Huko India walimlisha nini huyu?" mwingine akanong'ona, wakacheka.

Kwetu watoto na mifugo hawakuhesabiwa kwa mdomo; kuwahesabu kulikuwa kuita kifo. Mimi, mwana wa Malinya, nilikuwa nimesahau! Kule nyuma Mkaguzi alikuwa anafunga mkoba wake.

Hapo akili niliyozaliwa nayo, si ya India, ikaamka. "Ambani, mama akimimina chai jioni, anajuaje kwamba mmoja hajarudi?"

"Kikombe chake kinabaki, mwalimu."

"Haya! Tutazame vikombe. Kushoto oksijeni zina vikombe viwili. Kulia je?"

"Kimoja kimebaki! Mmoja hajafika!"

Ambani akaja ubaoni, akaongeza 2 ndogo chini ya oksijeni: H₂O₂. Niliruka. "Hayo si maji tena, hiyo ni dawa ya kuchubua nywele! Namba ndogo haiguswi, ndiyo dutu yenyewe. Weka namba kubwa, mbele."

Akaandika 2H₂O. Sasa haidrojeni zikawa nne kulia, mbili kushoto. Bila kuambiwa akaweka 2 mbele ya H₂. Nikawaamuru wakague tena pande zote, hatua ambayo wavivu huiruka. 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Hakuna kikombe kilichobaki.

"Mtu huyu mlimtoa wapi?" Mkaguzi akamwuliza Mwalimu Mkuu.

"Malinya," nikajibu mwenyewe.

Nilifundisha hivyo Kabras katikati ya miwa, nikafundisha Chekalini, kisha nikarudi Kakamega kukalia kiti kile kile cha Mwalimu Mkuu. Ambani naye akawa mwalimu wa kemia, bora kuliko wote niliowafundisha.

Siku ya kuniaga nikistaafu, Afisa Elimu aliniuliza mbele ya watu, "Mzee, umefundisha wanafunzi wangapi?"

Mnanijua, napenda kujisifu. Lakini mdomo ulikataa. Badala yake nikatazama meza ya wanafunzi wangu wa zamani. Wote walikuwa wanakunywa, ila kikombe kimoja kilijaa chai na kiti chake kilikuwa kitupu.

"Ambani hajafika?" nikauliza.

Wakainamisha vichwa. Alikuwa amefariki alfajiri ile, na mpishi alimmiminia bila kujua.

"Mwalimu," mmoja akasema polepole, "tulitaka unywe kwanza, ndipo tukwambie."

Sikunywa. Na wanafunzi wangu sijawahesabu hadi leo.