Tembre kwenye Paji la Feza

Uji wa muhogo ukipoa huwa na harufu ya uchachu kidogo. Mimi, bibi mwenye wajukuu, nikiisikia harufu hiyo hukumbuka bahasha. Mtanicheka, lakini ndiyo gundi niliyobandikia tembre, stempu ya posta, kwenye barua yangu ya kwanza.

Ilikuwa Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata, nami nikaacha shule ili niwapikie wadogo zangu, Musa na Feza. Siku ya kumaliza matanga, baba zetu wadogo wangetugawa, kila mtoto nyumba yake. Wa kuwazuia alikuwa mmoja tu, shangazi wa Kabambare, dada yao mkubwa. Nikamwandikia: Njoo, hatujatenganishwa bado.

Ndani ya sanduku la baba nilikuta tembre mbili. Moja ilikuwa safi, nyingine ilikuwa juu ya bahasha kuukuu, imepigwa mhuri mweusi wa posta. Nilikuwa nimeona askari wakikagua buku la baba, kitabu chake cha kitambulisho na kodi: ukurasa usio na mhuri ulimpeleka mtu jela. Basi nikabandua ile yenye mhuri, nikiamini hakuna atakayeizuia njiani. Ile safi nikamwachia Feza achezee.

Mzee Sefu, mbeba barua, alikuwa anaondoka asubuhi hiyo kwa miguu, mfuko wa posta begani. Aliitazama barua yangu, kisha akamtazama Feza mgongoni mwangu. Tembre ilikuwa imeganda kwenye paji lake, nusu ameshaila.

“Mama, barua yako haikulipiwa. Aliyelipiwa iko huyu mutoto,” akasema. “Nimutie kwenye mfuko?”

“Lakini yangu ina mhuri, baba.”

“Mhuri ndio ulioiua. Tembre hii ilikwisha kutembea safari yake.”

Nikaanza kulia. Nikamwambia habari ya matanga. Alichukua kijiti, akakipasua ncha, akabana barua yangu humo, akaifunika kwa jani la mgomba, akaenda zake. Mimi niliona aibu: barua za wenzangu zilikuwa mfukoni, yangu inapepea juu ya kijiti kama mkia wa jogoo.

Shangazi alifika jioni ya kuamkia siku ya kumaliza matanga, miguu imevimba. Aliwaambia wadogo zake, “Vidole vya mkono mmoja havilali nyumba tatu.” Tukabaki pamoja.

Alipokufa, nilikuta barua ile sandukuni mwake. Tembre haikuwepo, nadhani Mzee Sefu aliibandua isionekane udanganyifu. Katikati ulibaki mkunjo wa kijiti. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba mbeba barua yeyote aliyekutwa na barua isiyolipiwa alichapwa fimbo mbele ya watu. Mfuko ulikuwa wa Bula Matari, ndiyo serikali ya Wabelgiji, na Mzee Sefu hakutaka kuuibia. Kijiti kilikuwa chake mwenyewe, na alikibeba nje, wazi, njia nzima mpaka Kabambare.